Jinsi ya Kusoma Picha za Zamani za Wahunzi Kabla ya Kuzipeleka Mbele ya Watu: Mwongozo Kamili, kwa Mifano ya Kilimanjaro na Upare

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu anapakua picha ya mhunzi, anatafsiri maneno yaliyoandikwa chini yake, kisha anasimama ukumbini na kutangaza: "Hapa wazee wetu wanayeyusha chuma." Mzee aliyeketi nyuma anainua mkono: "Mwanangu, hapo hawayeyushi. Wanafua." Kuanzia hapo wasikilizaji hawaamini tena picha inayofuata, hata kama maelezo yake ni sahihi.

Mwongozo huu ni kwa anayeandaa mazungumzo ya historia shuleni, usharikani au kwenye mkutano wa ukoo. Nimetumia mifano ya Kilimanjaro na Upare kwa sababu kazi ya pande hizo mbili ilishikana: chuma kilitoka Upare, wahunzi wa Uchaggani wakakifua, na mikuki yao ikafika mpaka kwa Wamaasai. Wa Ufipa, Buhaya au Ukambani atafuata hatua hizi hizi, ila vifaa atakavyoviona vitakuwa tofauti.

## Andaa hivi kwanza

- Nakala ya picha yenye ukubwa wa juu kabisa unaoweza kuupata. Picha iliyopitia WhatsApp imeshabanwa na kupoteza vitu vidogo, na hivyo vidogo ndivyo unavyovihitaji.
- Picha ya upande wa nyuma, kama ni picha ya karatasi au postikadi.
- Nakala ya A4 kwa kila picha, iliyochapishwa rangi nyeusi na nyeupe.
- Kioo cha kukuzia, penseli laini na daftari.
- Simu ya kurekodia sauti.
- Ramani ya eneo yenye majina ya vijiji na mito.
- Namba ya kumbukumbu ya picha na jina la hifadhi ya nyaraka ilikotoka. Bila hivyo hutaipata tena, wala hutaweza kuomba ruhusa.

Kama huna picha bado, kuna pa kuanzia. Picha za Misheni ya Leipzig, ya Kilutheri kutoka Ujerumani, iliyofika Kilimanjaro mwaka 1893, zinaonekana bure kwenye maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Southern California. Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani, yaani Bundesarchiv, ina mkusanyo wa mpiga picha Mjerumani Walther Dobbertin, na namba za picha zake huanza na 105-DOA. Nyingi zimewekwa pia Wikimedia Commons.

Tafuta kwa tahajia ya Kijerumani cha wakati ule, la sivyo hutapata kitu. Mhunzi ni "Schmied", karakana yake ni "Schmiede", mvukuto (kifaa cha kupulizia moto hewa) ni "Blasebalg", chuma ni "Eisen". Wachagga wameandikwa "Dschagga" au "Wadschagga", Machame ni "Madschame", Moshi ni "Moschi".

## Hatua ya 1: Nakili, usiguse ya asili tena

Picha ya karatasi iskani kwa nukta 600 kwa inchi, mbele na nyuma, pamoja na kingo zake. Huna skana? Ilaze mezani karibu na dirisha, zima flashi, simama wima juu yake na upige kwa simu. Kisha irudishe kwenye bahasha na ufanyie kazi nakala.

Onyo: usiandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino, na usiibandike kwa gundi au selotepu. Usikate kingo. Ukingoni ndiko kunakobaki namba ya mpiga picha, muhuri wa studio, au nusu ya mtu ambaye baadaye utagundua ndiye aliyekuwa akivukuta.

Onyo kubwa zaidi: usitumie programu za kutia rangi au za "kunoa" picha za zamani. Zinabuni. Zinaweza kuongeza kidole, zikanyoosha koleo lililopinda, zikalitia shuka rangi ambayo hakuna ajuaye kama lilikuwa nayo. Wasikilizaji wataondoka na kumbukumbu ya kitu kilichotengenezwa na kompyuta, na wataisimulia kwa watoto wao.

Umefanikiwa ukiwa na faili moja la asili usilolibadilisha, na nakala ya kuchezea.

## Hatua ya 2: Andika unachokiona, na hicho tu

Gawa nakala ya A4 katika miraba tisa kwa penseli. Chukua mraba mmoja mmoja, uandike vilivyomo. Sababu ni kwamba jicho hukimbilia uso wa mhunzi na moto, likaruka mkono wa kushoto, sakafu na ukuta wa nyuma. Habari nyingi za karakana ziko sakafuni.

Lugha iwe kavu. "Mwanamume ameketi chini, ameshika kipande kirefu kwa mkono wa kulia" ni sawa. "Mhunzi mkuu anafua mkuki wa vita" ni mambo matatu ambayo bado hujayathibitisha: kwamba ni mkuu, kwamba ni mkuki, kwamba ni wa vita.

Umefanikiwa ikiwa mtu asiyeiona picha anaweza kuichora kwa kusikiliza unavyomsomea.

## Hatua ya 3: Amua kama wanayeyusha au wanafua

Hapa ndipo mazungumzo mengi yanapoharibika.

Kuyeyusha ni kutoa chuma kwenye mtapo, yaani mawe au mchanga wenye chuma. Kufua ni kukichukua chuma ambacho kimekwishapatikana, kukitia moto na kukigonga mpaka kiwe jembe au mkuki. Ni kazi mbili, mara nyingi za watu tofauti na mahali tofauti. Katika nchi yetu picha za kufua ni nyingi kuliko za kuyeyusha, na sababu iko wazi: chuma kutoka ng'ambo kilipoingia kwa wingi, kuyeyusha kulififia mapema, lakini wahunzi waliendelea kufua chuma hicho cha kununua na vyuma chakavu. Wapo wanaofua mpaka leo.

Dalili za kufua: jiko dogo la chini, pengine shimo tu lenye makaa, jiwe au chuma cha kugongea, mtu ameshika koleo, kitu kilichokwisha kupata umbo.

Dalili za kuyeyusha: tanuri lenye kuta, marundo ya makaa na mtapo, mirija kadhaa ya udongo, na mavi ya chuma, yaani takataka inayobaki baada ya kuyeyusha, yaliyotapakaa. Upande wa Upare mtapo ulikuwa pia mchanga mweusi wenye chuma ulioteremka na vijito. Kwa hiyo picha ya watu walioinama mtoni na vyombo isipite hivi hivi. Yaweza kuwa mwanzo wa kazi yenyewe.

Ukiona tanuri refu kumpita mtu, kama mita tatu, lisilo na mvukuto wowote pembeni, huko si Kilimanjaro. Hilo ni aina ya tanuri la Ufipa, lililovuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini. Wafipa waliita matanuri hayo malungu, na walikuwa na tanuri jingine dogo la mivukuto la kusafishia chuma baada ya hapo. Nimeona picha za aina hii zikizungushwa kama "ufundi wa Tanganyika", halafu mtu wa Moshi akazichukua kuwa za kwao. Wafipa wanastahili kutajwa kwa jina katika kazi hiyo.

Tahadhari moja zaidi: picha ya kuyeyusha yaweza kuwa onyesho. Miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga tanuri na kuyeyusha chuma upya pamoja na mtafiti Peter Schmidt. Picha za namna hiyo zina thamani kubwa, ila sema wazi kwamba ni kazi iliyorudiwa kwa ajili ya utafiti.

Umefanikiwa ukiweza kuandika "wanafua" au "wanayeyusha" na kunyooshea kidole vitu viwili pichani vinavyokuunga mkono. Ukiwa na kimoja tu, andika "huenda".

## Hatua ya 4: Soma vifaa, kimoja kimoja

Mvukuto. Kilimanjaro na Upare tafuta jozi ya mifuko ya ngozi ya mbuzi. Mvukutaji huketi nyuma yake, kila mkono na mfuko wake. Anaufungua mdomo ukiinuka, anaufumba na kuukandamiza ukishuka, mmoja baada ya mwingine ili upepo usikatike. Ncha za mifuko huingia kwenye mrija wa udongo uelekeao motoni. Pichani mifuko hiyo huonekana kama matambara tu yaliyolala chini, na watu huiruka. Ukiona badala yake mabakuli ya mti yaliyofunikwa ngozi na vijiti virefu vya kuchezea juu chini, fikiria nchi za magharibi, upande wa maziwa makuu.

Mvukutaji mara nyingi ni kijana. Mtaje. Maelezo ya zamani husema "mhunzi" peke yake, kana kwamba yule kijana hayupo, na bila pumzi yake hakuna moto.

Nyundo na fuawe. Nyundo ya zamani inaweza kuwa pande la chuma lisilo na mpini, linaloshikwa moja kwa moja kama mchi. Fuawe, yaani kile chuma kinachogongewa juu yake, linaweza kuwa jiwe lililozikwa nusu. Mhunzi wa namna hiyo huketi au huchuchumaa. Ukiona mtu amesimama, amevaa aproni, mbele ya fuawe lenye pembe lililowekwa juu ya gogo, kuna uwezekano mkubwa unatazama karakana ya misheni au ya serikali, ambako mafundi walifundishwa kwa vifaa vya Ulaya. Ni historia nyingine, nayo nzuri, lakini usiichanganye na ile ya kwanza.

Kinachofuliwa. Tazama jembe kwa makini. La mhunzi wa kale lina mkia uliochongoka unaopenya kwenye kichwa cha mpini. La kiwandani lina tundu la duara ambamo mpini hupita. Tofauti hiyo ndogo inakuambia kama jembe lile lilifuliwa kijijini au lilitoka dukani na limeletwa kunolewa tu. Mkuki wa bapa refu mkononi mwa mtu haumfanyi kuwa Mmaasai, kwa kuwa wahunzi wa Kichagga ndio waliowafulia Wamaasai wengi.

Waya. Kuna picha zinazoonyesha mtu akivuta kitu chembamba kwa nguvu zake zote, mwili umelala nyuma. Maelezo husema anafunga kamba. Angalia kama upande wa pili kuna kibamba cha chuma chenye tundu: huenda anavuta waya wa kutengenezea mikufu. Kazi hii husahauliwa katika mazungumzo yetu kwa sababu haina moto wala cheche, na ilihitaji mkono mtulivu kuliko kufua jembe.

Umefanikiwa ikiwa kila kifaa kwenye orodha yako kina jina, au kina alama ya kuuliza. Alama za kuuliza usizifute. Ni mali utakayoihitaji hatua ya 8.

## Hatua ya 5: Chunguza kamera ilivyodanganya

Kwanza, rangi. Vioo vya kupigia picha, vilivyofanya kazi ya filamu, vilivyotumika sana kabla ya Vita Kuu ya Kwanza havikuhisi rangi nyekundu. Chuma kilichoiva moto kikawa chekundu hutokea cheusi. Kwa hiyo usiseme "anajifanya tu, chuma ni baridi" kwa kuwa haking'ai. Shuka jekundu nalo hutokea jeusi, shanga za buluu hutokea karibu nyeupe. Usitaje rangi yoyote ukumbini kwa kuikisia.

Pili, kugeuzwa. Kioo kikichapishwa upande usio wake, kulia kunakuwa kushoto. Ukiona mhunzi na mvukutaji wote wanatumia kushoto, shtuka. Hakiki kwa maandishi kwenye debe au sanduku, au kwa koti la kiume: vifungo hushonwa upande wa kulia wa mvaaji. Na kama mlima unaonekana, una shahidi mkubwa. Ukiwa Moshi, Kibo kiko kushoto kwako na Mawenzi kulia. Picha inayosema ni Old Moshi huku Kibo kiko kulia ama imegeuzwa, ama ilipigwa upande wa Kenya.

Tatu, kupangwa. Karakana ni kibanda chenye giza, na kamera ilitaka mwanga. Mara nyingi mhunzi aliombwa atoke nje na vifaa vyake. Tazama ardhi: pana majivu, vipande vya makaa, udongo uliokanyagwa? Kama nyasi ni mbichi chini ya fuawe, kazi ililetwa pale kwa ajili ya picha. Sema hivyo bila kuidharau picha. Vifaa ni vya kweli na mikono ni ya kweli. Mahali ndipo palipobadilishwa.

## Hatua ya 6: Weka picha kwenye miaka yake

Kanuni ni moja: picha haiwezi kuwa ya kale kuliko kitu kipya kuliko vyote kilichomo. Kitafute hicho.

- Kipande cha reli kilichofanywa fuawe: njia ya reli kutoka Tanga ilianza kujengwa 1893, ikafika Mombo 1905 na Moshi 1911. Kabla ya reli kufika karibu, usitegemee kukiona.
- Springi ya lori ikifuliwa panga: ni baada ya malori kuzoeleka, yaani enzi za Mwingereza na kuendelea.
- Gurudumu la baiskeli lililofungwa feni ya kupulizia moto: ni karibu na zama zetu.

Postikadi husaidia zaidi. Stempu za Kijerumani zenye thamani ya "pesa", sarafu ndogo ya wakati ule, ni za kabla ya sarafu ya heller kuingia 1905. Postikadi za Ujerumani ambazo upande wa nyuma umegawanywa mara mbili, anuani kulia na ujumbe kushoto, zilianza 1905. Stempu zenye twiga na neno Tanganyika zilianza 1922. Lakini onyo: hiyo ni tarehe ya kadi kutengenezwa au kutumwa. Picha yenyewe yaweza kuwa ilipigwa miaka mingi nyuma.

Umefanikiwa ukiandika kipindi, mfano "kati ya 1911 na 1920", pamoja na sababu. Mwaka mmoja uandike tu kama umeandikwa na aliyepiga.

## Hatua ya 7: Mhoji aliyeandika maelezo

Jiulize alikuwa nani, na aliitaka picha kwa kazi gani. Mmisionari alituma picha kwa wafadhili wake. Alipenda kuonyesha "kabla" na "baada". Mpiga picha wa biashara aliuza postikadi, naye alitaka mkuki kuliko jembe. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyekaa Uchaggani kwa vipindi kati ya 1902 na 1938, aliandika kwa kina kuhusu mhunzi wa Kichagga na imani zinazomzunguka, kwa hiyo maelezo ya mtu aliyekaa muda mrefu hivyo yana uzito kuliko ya msafiri wa wiki moja. Hata hivyo, naye pia alikuwa na macho yake na kanisa lake.

Usisome maneno ya dharau ya maelezo ya zamani kana kwamba ni yako. Ukilazimika kuyasoma, mtaje aliyeyaandika.

## Hatua ya 8: Peleka picha kwa wazee, mdomo ukiwa umefungwa

Nenda na nakala za A4, si simu. Kioo cha simu ni kidogo, kinazima, na mzee anaona haya kukuomba ukikuze tena. Amkia, kaa, pokea chai. Omba ruhusa ya kurekodi kabla ya kutoa picha.

Kisha swali la kwanza liwe pana:

"Shikamoo, mzee. Nimekuja na picha hii. Unaona nini hapa?"

Halafu nyamaza. Ukianza na "Mzee, huu ni mvukuto, sivyo?" atakujibu "Ndiyo" kwa adabu tu, na utakuwa umerekodi sauti yako mwenyewe. Akimaliza, endelea: huyu anafanya nini kwa mkono wake? Kifaa hiki kwa Kichagga, au kwa Kipare, mlikiitaje? Kingekuwa kinatoka wapi? Ni kipi kinakosekana hapa? Swali hili la mwisho ndilo linalofungua mambo, maana anayeijua karakana huona mara moja kisichokuwepo.

Waulize kina mama pia, peke yao ikiwezekana. Katika jamii nyingi mwanamke hakuruhusiwa kukaribia tanuri la kuyeyusha, lakini yeye ndiye aliyetumia jembe na kujua la mhunzi gani halivunjiki.

Onyo zito: uhunzi ni suala la ukoo. Upare ukisema uhunzi, watu wanawataja Washana. Kwingine, kwa mfano kwa Wamaasai, wahunzi walitengwa na watu waliogopa kuoana nao, na maumivu hayo hayajaisha kila mahali. Mzee akikutajia ukoo au laana, muulize kama anaruhusu isemwe hadharani. Akikataa, haisemwi.

Umefanikiwa ikiwa watu wawili waliohojiwa mbalimbali wamekubaliana juu ya jambo moja, na umeandika pia pale walipopingana.

## Hatua ya 9: Andika maelezo mapya

Tumia sehemu tatu: kinachoonekana, kinachojulikana kwa ushahidi mwingine, kinachodhaniwa. Tuseme una picha ya watu wawili nje ya kibanda. Maelezo yawe hivi:

"Wanaume wawili wakifua chuma nje ya kibanda. Mmoja anavukuta kwa mifuko ya ngozi, mwingine ameshika jembe lenye mkia. Fuawe ni kipande cha reli, kwa hiyo picha huenda ni ya baada ya 1911. Hifadhi imeandika Moschi. Wazee wawili wanadhani ni eneo la Mamba. Majina ya wanaofua hayakuandikwa."

Sentensi ya mwisho usiiache. Watu hawa walikuwa na majina, na ukumbini anaweza kuwapo mjukuu.

## Hatua ya 10: Siku yenyewe

Picha sita hadi nane zinatosha kwa dakika arobaini. Onyesha kila picha nzima kwanza, ukae kimya kidogo, kisha onyesha kipande kilichokuzwa. Ukianza na kipande, watu hawajui kiko wapi.

Chapisha nakala za karatasi hata kama kuna projekta. Umeme ukikatika unaendelea, na wazee wa mbele wanashika picha mkononi.

Picha za watu waliopimwa miili, waliovuliwa nguo au wanaoonekana kulazimishwa ziache nyumbani. Hazielezi uhunzi.

Ukiwa na jembe au koleo la zamani kutoka kwa familia, liweke mezani kando ya picha yake na uache watu waliinue. Uzito wake utaeleza kitu ambacho picha haiwezi.

Weka daftari mlangoni lenye namba za picha ili watu waandike wanachokijua na simu zao. Baada ya hapo wape familia zilizokusaidia nakala zilizochapishwa, zenye maelezo mapya nyuma kwa penseli. Kisha iandikie hifadhi ilikotoka picha: taja namba ya kumbukumbu, tahajia sahihi ya jina la kijiji, jina la kifaa kwa lugha ya wenyeji, na nani aliyesema, kama ameruhusu atajwe.